Ile plasta ya mkononi inahesabu kujikuna, haipimi muwasho. Tuelewane taratibu

Wiki iliyopita kwenye group la ukoo wetu mtu alirusha video ya mtoto wa Kimarekani amelala, nyuma ya kiganja chake kimebandikwa kitu kama plasta nene hivi, na maandishi yanasema hicho kifaa "kinapima muwasho". Basi ikaanza. Shangazi yupo Kiwira akasema hiyo inavuta sumu kwenye ngozi, binamu yangu wa Iringa akauliza bei, mwingine akasema hizo ndo zile chipu tulizoonywa, na baba mdogo ambaye huwa haandikagi kitu akaandika maneno mawili tu: "Damu chafu." Mpaka jioni meseji zimepita mia na hakuna aliyekuwa anaongelea kitu kimoja na mwenzake.

Mimi sio daktari. Ni fundi simu, nina meza yangu Mwanjelwa, Mbeya, ila hili jambo linanigusa pande zote mbili. Dude lililo ndani ya hiyo plasta nalijua kwa sababu lipo kwenye karibu kila simu janja ninayoifungua, na nyumbani tunaishi na mtoto wa dada yangu ambaye ana pumu ya ngozi (wengine wanaiita ekzema) tangu akiwa na miezi minne. Kwahiyo nimesoma na nimeuliza, na naandika ili tukirudi kwenye group angalau tubishane kitu kimoja.

Tuanze na maneno maana hapo ndo wengi wamepotelea. Kuwashwa ni hisia. Kujikuna ni kitendo. Unasema "ni kitu hichohicho", hapana, na sio wewe tu unayechanganya, daktari mmoja Mjerumani anaitwa Samuel Hafenreffer mwaka 1660 aliandika kwamba muwasho ni hisia isiyopendeza inayokufanya utake kujikuna, na mpaka leo madaktari wanaitumia tafsiri hiyo. Yaani hata wataalamu walishindwa kuueleza muwasho bila kuitaja mikono.

Mimi naielewa hivi: muwasho ni kama njaa na kujikuna ni kama kula. Njaa yako hakuna anayeiona, ipo tumboni kwako. Kula kila mtu anakuona. Na mara nyingi mwenye njaa ndo anakula, sawa, lakini kuna aliyefunga ana njaa lakini hatii kitu mdomoni, na kuna yule msibani sahani imeletwa anakula tu kwa sababu wenzake wanakula. Sasa ukiweka mtu mlangoni ahesabu matonge utapata picha nzuri ya nani ana njaa, ila umehesabu matonge, hujapima njaa. Ile plasta ni mhesabu matonge. Hilo ukilishika, mengine yote yanakuwa mepesi.

Neno la pili ni sensa. Sio ile ya watu na makazi ya 2022, watu wangu, hakuna karani anayekuja. Hii sensa ni kifaa kidogo kinachohisi kitu fulani (joto, mwanga, mwendo) na kukigeuza kuwa namba. Wasomi wanaita kihisi. Simu yako imejaa vihisi, ukiiweka sikioni kioo kinazima, hicho ni kihisi, ukiilaza picha inageuka, hicho ni kingine, na hicho cha pili ndo tunachokiongelea leo.

Muwasho wenyewe unatokeaje

Ngozi ina mishipa ya fahamu ya aina nyingi. Inayobeba habari za muwasho mingi ni myembamba sana na ni ya polepole, kasi yake ni kama mita 1 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, wakati ile ya kugusa inakimbia kama gari la msafara. Habari inafika kwenye uti wa mgongo, inapanda ubongoni, ubongo unatuma mkono. Ukijikuna unatengeneza maumivu madogo, na hayo maumivu yakifika kwenye uti wa mgongo yanaufunga mlango wa muwasho kwa muda, ndo maana kujikuna ni kutamu, tusidanganyane. Shida ni kwamba kucha zinaichana ngozi, ngozi iliyochanika inawasha zaidi, unajikuna tena. Mzunguko huo ndo unaowatesa watu wenye pumu ya ngozi na sio ugonjwa wa uchafu kama majirani wanavyonong'ona.

Sasa hapa kuna kitu nilikipenda sana. Wengi tunajua muwasho ni "aleji", unameza Piriton unalala. Ni kweli upo muwasho unaoletwa na kemikali inaitwa histamini, kama wa kuumwa na mbu. Lakini ipo njia nyingine kabisa isiyopita kwa histamini, na watafiti waliichunguza kwa kutumia nini? Upupu! Upupu huuhuu ambao shuleni watu walikuwa wanamwagia wenzao kwenye madawati. Vile vinyweleo vina kimeng'enya kinaitwa mukunaini, kinagonga mlango mwingine kwenye mishipa, na huko Ulaya na Marekani watu wazima wenye akili zao wamekubali kupakwa upupu mkononi kwa ajili ya sayansi. Pumu ya ngozi kwa sehemu kubwa inapita kwenye njia zisizo za histamini, ndo maana Piriton kwa mtoto wa pumu ya ngozi mara nyingi inachofanya ni kumlaza tu, muwasho uko palepale. Na wazee mliomeza klorokwini kabla serikali haijaibadilisha mwaka 2001 mnakumbuka vizuri, mwili mzima unawasha kama umelala kwenye siafu na huna hata kipele kimoja cha kumwonyesha mtu.

Kwahiyo muwasho una milango mingi. Kujikuna kunakoonekana nje ni kulekule kumoja. Mkono haujui umeitwa na mlango upi.

Kwa nini wasiulize tu?

Wanauliza. Njia ya kawaida ni kumwambia mgonjwa ataje namba kuanzia 0 mpaka 10, sifuri hakuna muwasho, kumi ni muwasho mbaya kuliko wote unaoweza kuufikiria. Inafanya kazi, wala msiidharau, maana mwenye njaa ndo anajua njaa yake. Lakini mpe bibi yangu wa Tukuyu hiyo namba. Utamuuliza "bibi, kutoka sifuri mpaka kumi?" atakujibu "tunamshukuru Mungu mwanangu". Hiyo ni ngapi?

Mtoto mdogo ndo kabisa. Na usiku, ambapo muwasho unakuwa mkali zaidi (ngozi inapata joto, inapoteza maji zaidi, homoni moja ya mwili inayotuliza uvimbe inakuwa imeshuka, na huna kazi ya kukusahaulisha), usiku mtu amelala, hawezi kukusimulia.

Niliona kwa macho yangu. Daktari alimuuliza dada, "anajikuna kiasi gani usiku?" dada akasema "sana". Akaulizwa sana ni ngapi, dada akaniangalia mimi. Tukaambiwa twende tukaangalie. Usiku huo nililala chumba kimoja na mpwa wangu, nina daftari la shule na tochi ya simu nimeifunika na soksi ili isimwamshe, na kila nikisikia ile sauti, kwaru kwaru kwaru chini ya blanketi, nachora mstari. Saa nne usiku mpaka saa sita kamili nilikuwa na mistari 19. Mingine ilikuwa ya sekunde mbili, mmoja alijikuna nyuma ya goti mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta, macho yamefumba, usingizi mzito kabisa kwa kumwangalia. Asubuhi kwenye shuka kuna vidoa vya damu kama mtu amechovya kalamu. Namuuliza vipi usiku? "Mjomba mimi sijajikuna, nilikuwa nimelala." Na alikuwa hasemi uongo.

Hicho nilichokifanya na daftari wenzetu walikifanya zamani. Mwaka 1973 Savin na wenzake kule Edinburgh walichapisha habari za watu wanaojikuna usingizini, wakiwafuatilia na mashine za kupima usingizi, na miaka miwili baadaye, 1975, Felix na Shuster wa Uingereza wakatoa njia ya kupima muwasho kwa kufuatilia mwendo wa mikono na miguu usiku. Kwahiyo wazo ni la umri wa baba zetu, sio uchawi wa juzi. Kilichobadilika ni kwamba kifaa kimekuwa kidogo na kompyuta imepata akili.

Kipimo wanachokiamini kuliko vyote mpaka leo ni kamera inayoona gizani, unamrekodi mtu usiku mzima halafu mtu mwingine anakaa anaangalia video yote na kuhesabu. Fikiria kazi hiyo, saa nane za video ya mtu amelala. Na sasa fikiria kamera hiyo Mbeya mwezi wa sita, au Makete, au Mufindi, ambako mtu analala na sweta, soksi na mablanketi mawili, kamera itaona mlima wa blanketi unatikisika. Na hapo ni kama mtoto analala peke yake, kwetu wanalala watatu.

Dude lililo ndani

Kinachohisi mwendo kinaitwa akseleromita. Msiogope jina. Ni kachipu kadogo kuliko punje ya mchele, ndani yake kuna vipande vya silikoni vidogo mno vinavyoning'inia, ukikitikisa vinasogea, na kusogea huko kunageuzwa namba mara makumi au hata mamia kwa sekunde.

Chukua mfano huu. Panda kosta ya Mbeya kwenda Tukuyu, funga macho kwa kitambaa. Utajua gari limeondoka kwa sababu mgongo umesukumwa kwenye siti. Utajua breki. Utajua kona za Isyonje kwa sababu unamlalia jirani, na utajua matuta, tena matuta yana mpigo wake, du-du, du-du, tofauti na shimo ambalo linakupiga mara moja. Hujaona kitu lakini mwili umekwambia. Akseleromita ni abiria huyo aliyefungwa macho, amekaa kwenye mkono wako. Kujikuna ndo matuta: mwendo mdogo, wa kwenda na kurudi, wa haraka, unaojirudia. Kugeuka kitandani ni kona. Kuvuta blanketi ni breki.

Sasa nani anamwambia kuwa huu ni mwendo wa kujikuna na huu ni wa kupiga mbu? Hapo inaingia programu iliyofundishwa. Wanachukua watu, wanawavalisha vifaa na kuwarekodi kwa kamera wakati huohuo, halafu kompyuta inaonyeshwa: hapa alikuwa anajikuna, mwendo wake ulikuwa hivi, hapa hakuwa anajikuna. Mara maelfu. Mama yangu akiwa jikoni anasikia mchi nje na anajua huyo anatwanga kweli au anacheza, na anajua kama kwenye kinu kuna mahindi au karanga, hajatoka hata kuchungulia. Alijifunzaje? Kwa kusikia miaka yote. Kompyuta nayo ni hivyo, ila inajua tu ilivyofundishwa, ukiileta kwenye nyumba ambayo watoto watatu wanagawana kitanda na mmoja anamkuna mwenzake mgongo, hapo sijui kama kuna aliyewahi kuifundisha.

Kuna aina mbili kubwa. Moja ni ya kifundo cha mkono, kama saa, mara nyingi wanavalisha mikono yote miwili maana mtu hajikuni kwa mkono mmoja. Inakamata vizuri kujikuna kwa mkono mzima. Lakini jaribu sasa hivi, weka kifundo chako mezani na ukune meza kwa ncha za vidole tu. Kifundo kimesogea? Karibu hakijasogea. Huo ni wizi unaoipita saa. Ndo maana watafiti wa chuo kikuu cha Northwestern Marekani wakatengeneza ile plasta laini inayobandikwa nyuma ya kiganja, inakamata mtikisiko mkubwa na ile mitetemo midogo inayotoka kwenye vidole vikipita juu ya ngozi. Walichapisha matokeo mwaka 2021 kwenye jarida la Science Advances, waliijaribu kwa wagonjwa wa pumu ya ngozi, wengi wao watoto, jumla ya usiku 46 huku kamera inaangalia.

Hesabu ya asilimia 99

Hapa naomba mkae vizuri kwa sababu ndo sehemu watu wanapigwa. Matokeo ya ile plasta yalisema usahihi ni asilimia 99. Binamu yangu akaandika "basi imemaliza". Subiri.

Usiku wa saa 8 una dakika 480. Tuseme mtoto anajikuna jumla ya dakika 10. Sasa mimi fundi nikuuzie plasta mbovu, haina hata betri ndani, na kila dakika inasema "hajikuni". Itakuwa imepatia dakika 470 kati ya 480. Hiyo ni karibu asilimia 98! Plasta iliyokufa! Kwahiyo neno "usahihi" likiwa peke yake usilipokee, ni kama mtabiri anayesema kila siku ya mwezi wa saba Mbeya haitanyesha, atapatia karibu kila siku na hajui chochote kuhusu mvua.

Maswali ya kuuliza ni mawili. Anapojikuna kweli, kifaa kinakamata mara ngapi? Wao walipata asilimia 84.3. Na asipojikuna, kinanyamaza mara ngapi? 99.3. Turudi kwa mtoto wetu, kwenye zile dakika 10 itakamata kama 8 na nusu, na kwenye dakika 470 za utulivu itasingizia kama 3 na kidogo. Jumla itaandika karibu 12. Sio mbaya, tena ni nzuri sana kuliko "sana" ya dada yangu. Lakini mvalishe mtu ambaye hajikuni kabisa, bado itaandika dakika 3 na kidogo, na mama mwenye wasiwasi ataamka anasema mtoto anaumwa. Halafu kumbuka hata mtu mzima wa afya anajikuna kidogo usiku, wewe pia, ukatae ukubali.

Kwanini wengi wanapima usiku tu na sio mchana? Kwa sababu mchana mkono una kazi. Kufua, kusugua sufuria, kupiga mswaki, kusaga nyanya, yote ni mwendo wa kwenda na kurudi, abiria wetu aliyefungwa macho atachanganyikiwa. Na "usiku" wenyewe kwa wataalamu sio saa ya ukutani, ni muda ule ulioamua kulala na ukalala, kwahiyo mlinzi anayerudi asubuhi na kulala mchana, huo mchana ndo usiku wake.

Turudi kwenye group

Damu chafu. Baba mdogo, shikamoo, lakini kifaa hiki hakigusi damu. Hakina sindano, hakivuti kitu, hakina habari na kilichomo ndani ya mwili. Hakijui hata kwa nini unajikuna. Mwanafunzi wa bweni mwenye upele na mtoto wa pumu ya ngozi wote wataandikiwa dakika za kujikuna, na tiba zao ni mbingu na ardhi: upele unaletwa na mdudu, mara ya kwanza muwasho unaanza hata wiki 4 mpaka 6 baada ya kuambukizwa, na mnatibiwa nyumba nzima siku moja hata wasiowashwa, la sivyo mnazungushana nao mpaka krismasi. Kwetu Rungwe na Kyela kumekuwa na usubi pia, ugonjwa unaoletwa na wale nzi weusi wa mito inayokimbia, vijidudu vyake vikiwa kwenye ngozi vinawasha vibaya, na mnakumbuka ile kingatiba ya kila mwaka ambayo unasimamishwa kwenye fimbo ya kupima urefu ndo unapewa vidonge. Na kuna mzee ambaye ngozi haina kitu lakini anawashwa mwili mzima kumbe ni ini au figo. Kote huko plasta itasema tu "dakika kumi na mbili". Kutafuta sababu ni kazi ya mtu anayekuuliza maswali na kukuangalia, na muwasho ukizidi wiki 6 madaktari wanauita sugu, usikae nao nyumbani.

Chipu: ni kachipu kalekale ka kuzungusha picha kwenye simu mnayoitumia kuandika kwamba mnaogopa chipu, samahani lakini imebidi niseme. Kazi yake sio kusikiliza maongezi. Wasiwasi ambao mimi naona ni wa haki ni mwingine, kwamba kifaa kinachoandika mwendo wa mkono wako usiku kucha kinajua umelala saa ngapi, umeamka mara ngapi na, kwa watu wazima, mambo mengine ya chumbani, kwahiyo swali la kuuliza ni hizo namba zinahifadhiwa wapi na nani anaziona.

Bei, binamu. Hizi plasta ni za utafiti zaidi, hasa wanaojaribu dawa mpya, wanataka wajue kama dawa imepunguza kujikuna kweli au mgonjwa anasema tu kumfurahisha daktari. Ile saa ya bei poa inayouzwa kwenye vibanda vyetu ina akseleromita ndani ndio, ila haijafundishwa kujikuna, mtoto atajikuna usiku mzima na asubuhi itampongeza kwa kutembea hatua mia nane.

Kuna kimoja hakuna aliyekiuliza na mimi naona ndo cha maana kwetu. Madaktari wengi wamefundishwa kuangalia wekundu wa ngozi ili kujua pumu ya ngozi imefika wapi. Kwenye ngozi nyeusi ule wekundu hauonekani vizuri, unakuwa kama zambarau au kijivu au weusi zaidi, na mgonjwa anaonekana ana hali nafuu kumbe anaungua. Akseleromita haitumii rangi. Sensa za mwanga, zile za kijani nyuma ya saa za kupima mapigo, zimelalamikiwa sana kwenye ngozi nyeusi, lakini mwendo ni mwendo, mkono mweusi na mweupe unatikisika sawa.

Ila narudia matonge. Watafiti wakilinganisha namba za mgonjwa (0 mpaka 10) na dakika zilizohesabiwa na kifaa, havilingani sana, vinafuatana kwa mbali. Mtu anaweza kukwambia nane na kifaa kimeandika kidogo, kwa sababu alikuwa amejizuia, au alikuwa anajisugua kwenye godoro na mguu, au alikuwa yuko macho anaangalia dari. Mwingine anajikuna kwa mazoea tu, ngozi imeshapona mkono haujapata taarifa. Wengine wanasema basi kifaa hakifai, wengine wanasema wagonjwa wanatia chumvi, mimi naona wote wamekosea, ni vitu viwili na vyote vinatakiwa. Na namba ya kifaa ina maana zaidi ukimlinganisha mtu na yeye mwenyewe, wiki hii na wiki ya kabla ya dawa, kuliko kumlinganisha na mtoto wa jirani.

Kwetu plasta haijafika, tuna daftari. Mpwa wangu alipewa dawa ya kupaka, tukaambiwa tuache maji ya moto sana (kwa baridi ya huku ni adhabu, lakini tumeacha), sabuni kidogo, mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu. Baada ya wiki tatu nikarudi na tochi yangu na soksi. Saa ileile, nne mpaka sita, nimekaa kwenye kiti kilekile. Asubuhi namuuliza, anasema bado anawashwa, "ila kidogo mjomba, kwenye goti tu". Dada akataka kujua daftari linasemaje. Kwenye ukurasa kuna mistari minne, wa mwisho unaanza vizuri halafu unashuka, unapinda, unakata karatasi mpaka pembeni na kuishia kwenye suruali yangu. Na hapo ilikuwa hata saa tano haijafika.